Amri ya zuio ilikuwa chini ya godoro langu, na aliyeanza kumtafuta mwenzake ni mimi

Karatasi ya amri ya kumzuia mume wangu asinisumbue ilikuwa moja tu, imechapwa upande mmoja, muhuri wa mahakama umegongwa upandeupande karibu na sahihi ya hakimu. Nilitoka nayo mahakamani hapa Mtwara mjini Agosti 2021, nikaitia kwenye nailoni, nikaiweka chini ya godoro. Usiku ule nililala bila kusikiliza hatua za mtu nje, na sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo tangu niolewe mwaka 2012. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimekaa juu ya godoro hilohilo, saa saba za usiku, mtoto amelala ubavuni kwangu, namwandikia meseji mtu ambaye jina lake limo kwenye karatasi ile.

Nayaandika haya kwa sababu tangu yanikute nimekaa na wanawake kadhaa waliofanya kama mimi, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye moyo wa namna hiyo. Aibu ndiyo inayotufunga midomo. Tukinyamaza, anayetufuata naye ataangukia shimo lilelile.

Nianzie nilikotoka. Mimi ni fundi cherehani. Baba wa mtoto wangu ana shamba la mikorosho Tandahimba, na miezi isiyo ya shamba alikuwa anakaa nami hapa mjini, Magomeni. Kupigwa sikuanza jana wala juzi, ila Machi 2021 alinivunja kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile kinachoongoza kitambaa chini ya sindano. Nilikwenda polisi nikapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, nikatibiwa hospitali ya Ligula, nikarudi na fomu yangu imejazwa. Nikaelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na dada niliyemkuta pale alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Ndiye aliyeniambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Nilikuwa na umri wa miaka 31 na sijawahi kusikia.

Kwenye baraza la usuluhishi la ndoa tulikaa vikao viwili. Sitasema mengi. Wazee walitaka tuelewane, wakashindwa, wakaniandikia hati ya kwamba wameshindwa, na bila hati hiyo shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi, kwa hiyo itunze. Kuandika madai nilisaidiwa na msaidizi wa kisheria, bure, kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nililipa nauli za bajaji, fotokopi, na siku ambazo cherehani ilikaa kimya. Siku hizo ndizo zilizoniumiza kuliko fedha nyingine yoyote, kwa sababu mteja akikukosa mara mbili anahamia kwa fundi wa jirani.

Shauri la talaka likiwa linaendelea, nikaomba amri ya zuio. Sheria hiyohiyo ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzake na aache kujilazimisha kwake, iwe kesi bado inasikilizwa au talaka imeshatoka. Yangu ilisema asije nyumbani, asije kazini kwangu, asinipigie wala kunitumia ujumbe, na asitume mtu anisumbue kwa niaba yake.

Siku ile msaidizi wa kisheria alinikalisha kwenye benchi nje ya mahakama akanisomea neno kwa neno. Akasema, "Dada yangu, hii ni amri ya mahakama. Wewe uliiomba tu. Asije akakudanganya mtu kwamba unaweza kuilegeza mwenyewe." Nikaitikia. Moyoni nilikuwa naiona kama kufuli ambalo ufunguo nimekabidhiwa mimi: nikitaka nafunga, nikitaka nafungua.

Ukafika Novemba.

Mtu wa Kusini haelezwi Novemba ni nini. Minada ya korosho imeshaanza, fedha za wakulima zinaingia, mjini pikipiki mpya zinapita hazina hata namba. Shemeji yangu mmoja akapita dukani kushonesha suruali, akaniambia kama kwa bahati mbaya, "Mwenzio ameshalipwa mnada wa pili." Mtoto wetu alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Nikajiambia nina haki ya kumwambia baba yake. Elimu ya msingi ni bila ada tangu 2016, lakini sare, viatu, begi na madaftari mzazi ananunua.

Hapa niseme kweli, maana nimeapa kuisema yote. Kitambaa cha sare nilikuwa nacho. Kilikuwa kimekunjwa kwenye rafu juu ya cherehani yangu tangu Septemba, bluu na nyeupe, na sare nashona mwenyewe. Viatu na begi ningevipata kwa kazi za wiki mbili. Fedha ilikuwa kisingizio. Nilichokuwa nacho ni upweke. Miaka tisa mtu amelala upande wa ukuta, amekohoa, amegeuka, amenung'unika. Sasa pale pako wazi na godoro limebaki na bonde lake. Na nilikuwa na hatia ambayo ndugu walinitia kila Ijumaa: mtoto wa kike anahitaji baba, mama mkwe wako anaumwa kwa mawazo, umempeleka mzazi mwenzio mahakamani kama mwizi. Mtu akiambiwa hivyo kila wiki anaanza kuamini kwamba mkosaji ni yeye.

Nikaandika: "Assalam alaykum. Mtoto anaanza shule Januari. Nilitaka ujue tu."

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini. "Nilijua utanitafuta."

Lisome tena. Hakujibu salamu. Hakumuuliza mtoto. Nilipaswa kuizima simu palepale. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyesamehewa.

Akatuma shilingi 50,000 kwa simu. Kesho yake akauliza kama zimefika. Kesho kutwa akauliza kama nimekula. Baada ya wiki moja tulikuwa tunaandikiana kila usiku, na mimi ndiye niliyekuwa naanza, mara nyingi. Alikuwa mpole kama enzi za uchumba. Tukakubaliana tuonane Mikindani, kwa kuwa ni nje kidogo ya mji na hakuna wa kutuona. Neno hilo peke yake, "hakuna wa kutuona", lingetosha kuniamsha. Mtu unayemficha kwa mjumbe wako, kwa shoga yako na kwa mama yako, moyo wako unajua kitu ambacho kichwa hakitaki kukisikia.

Tulikaa ufukweni, akanunua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, tukala kwa chumvi. Akalia. Machozi yale yalikuwa ya kweli, sina sababu ya kumsingizia. Akasema amebadilika, ameacha uraka, ile pombe ya mabibo, na anaswali. Halafu akafuta uso kwa kiganja akasema, "Sasa ile kesi uifute, ili nije nyumbani kwa amani."

Nilimwambia nitafikiria. Alikuja nyumbani mara moja kwa kukaribishwa, akacheza na mtoto, akaondoka mapema. Mara ya pili hakukaribishwa. Ilikuwa Desemba, nilikuwa nimemwandikia kwamba kesi siwezi kuifuta mpaka nizungumze na msaidizi wa kisheria. Alifika saa nne usiku ananuka uraka, akaupiga mlango teke mpaka bawaba ya juu ikang'oka. Alinipiga makofi mbele ya mtoto. Mtoto hakulia. Alichukua mto akaushika mbele ya kifua chake, akasimama kwenye pembe ya kabati, na macho yake yalikuwa kwangu, siyo kwa baba yake. Hilo silisahau. Majirani walipiga kelele, mjumbe akaja, yeye akakimbia.

Kwenye kaunta ya kituo kimoja askari wa zamu alinisikiliza, akaiangalia amri yangu iliyolowa jasho kwenye nailoni, akauliza, "Nani alimtafuta mwenzake kwanza?" Nikasema mimi. Akaguna. "Mchana mnashtakiana, usiku mnarudiana." Niliumia, na bado naona alikosea, kwa sababu mlango uliovunjwa ni mlango uliovunjwa. Lakini nilimpa mwenyewe maneno ya kunijibu. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja Dawati la Jinsia, nikahudumiwa inavyotakiwa, nikapewa PF3 nyingine. Kama umeshakosea kama mimi, usikae nyumbani kwa aibu. Kukosea kwako kuandika meseji hakumpi mtu ruhusa ya kukupiga, na mlango wa kwanza ukifungwa gonga wa pili.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa hili: nilikuwa nafuta meseji. Kila usiku tukimaliza kuandikiana nilikuwa nafuta zote, nisije nikaonwa na dada yangu. Yeye hakufuta. Siku ya mahakamani alikuja na karatasi kumi na moja zimechapishwa, meseji zangu zote tamu, na salamu zangu, na "nimekukumbuka" yangu ya saa nane usiku. Vitisho vyake vya wiki ya mwisho havikuwemo. Tangu ipite Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi, na nilikuwa nimeutupa wangu kwa mikono yangu. Basi usifute kitu, hata kile kinachokuaibisha. Piga picha kioo cha simu, namba na tarehe zionekane, mtumie mtu unayemwamini akutunzie, na simu yenyewe usiitupe wala kuiuza.

Hakimu alizisoma zile karatasi kimya, moja moja, anazigeuza. Chumba kizima kilikuwa kinasikia feni. Kisha akaniuliza, "Mama, ulipoomba amri hii uliiambia mahakama kwamba unamwogopa mtu huyu. Bado unamwogopa?"

Nilisimama pale, nikakitazama kidole changu kilichopinda, nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Namwogopa, na nilimtafuta." Sikuwa na jibu lingine la kweli. Kumbe mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye kifua kimoja, na nadhani hakimu alilijua hilo kabla yangu.

Amri haikuondolewa. Hakimu alimwambia mwenzangu kwamba kutafutwa kwa simu siyo ruhusa ya kuvunja amri, kwamba aliyeamriwa ni yeye na amri inamfunga mpaka mahakama iseme vinginevyo, na kwamba kuikaidi kungeweza kumfikisha kwenye kesi ya jinai. Akatakiwa kuweka dhamana ya kutunza amani. Mimi nikaambiwa kwamba kila ninapomtafuta naidhoofisha kauli yangu mwenyewe. Shauri likasogezwa mpaka Februari. Miezi miwili zaidi ya nauli, na ya kutazama mlango. Mlango nilitengeneza kwa 35,000.

Msaidizi wa kisheria hakunifokea. Aliniuliza swali moja, ambalo natamani ningeulizwa Agosti: "Ni jambo gani hasa lililokuwa linakulazimisha uzungumze naye?" Tukaandika kwenye daftari. Mtoto kumwona baba yake. Matunzo. Cherehani yangu ya pili iliyobaki kwenye nyumba ya shamba Tandahimba. Mambo matatu. Kila moja lilikuwa na njia yake, na hakuna hata moja lililohitaji kidole changu kubonyeza namba yake.

Tukarudi mahakamani kuomba amri irekebishwe. Hili watu wengi hawalijui: mahakama iliyotoa amri inaweza kuibadilisha ukienda kuomba na kueleza sababu. Tuliomba mambo yote ya mtoto yapitie kwa afisa ustawi wa jamii, baba amwone mtoto ofisini kwa afisa huyo kwa siku iliyopangwa, na vitu vya kupeana vipitie kwa mjomba wangu, naye atajwe kwenye karatasi. Mjomba kwetu Wamakonde siyo mtu wa pembeni. Ndiye aliyesimama kwenye posa yangu, naye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mwenzangu anamheshimu. Kama ukoo wako una mtu wa namna hiyo, mtumie, lakini mahakama ijue. Ukimtuma kimyakimya, upande wa pili utasema na wewe unavunja kwa mlango wa nyuma.

Matunzo tuliomba kwenye shauri lilelile. Usimwombe mtu fedha ya mtoto kwa meseji za usiku, hata kama ni haki yake mtoto, na ni haki yake kweli. Fedha ya meseji haina risiti, inakuja na masharti, na ile 50,000 mahakamani ilisomwa kama ushahidi kwamba tumerudiana. Sasa inapita ofisini, inaandikwa, natia sahihi. Cherehani ilifuatwa na mjomba akiwa na mwenyekiti wa kitongoji cha kule. Mimi sikwenda.

Nakala za amri sasa ninazo nyingi. Ya kwanza nilikuwa nayo moja tu, chini ya godoro, na karatasi iliyo chini ya godoro haimlindi mtu. Mwombe karani wa mahakama nakala zilizogongwa muhuri. Moja iwe Dawati la Jinsia, moja kwa mjumbe au mtendaji wa mtaa, moja kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtoto, moja kazini. Mwalimu mkuu wetu aliipokea bila swali, akawaambia walinzi wa geti nani ndiye anayeruhusiwa kumchukua mtoto.

Laini nilibadilisha. Ile ya zamani sikuitupa, niliiweka pamoja na simu niliyokuwa naitumia nayo ndani ya kopo la maziwa ya unga, mpaka shauri lilipokwisha. Yeye akikutafuta kwanza, usimjibu hata kwa tusi. Hifadhi, peleka Dawati. Na kwa zile saa saba za usiku, ambazo hakuna sheria inayozifikia, nilifanya hivi: nilimwomba shoga yangu wa Chikongola ruhusa ya kumwandikia yeye kila mkono unaponiwasha. Nilimwandikia mambo ambayo nilitaka kumwandikia yule. "Leo mtoto kauliza kwa nini." "Leo nimepika samaki, nimebakiza kichwa kama zamani." Yeye alikuwa anajibu asubuhi. Kuna usiku mmoja Januari nilimwandikia mara kumi na nne. Hakuwahi kunichoka, na kama alinichoka hakunionyesha.

Wapo watakaosoma hapa huku wanataka kweli kurudiana na wenzao. Siwalaani. Moyo wa mtu sina mamlaka nao. Ila nendeni kwanza mahakamani mkaseme hivyo mchana, mbele ya hakimu, amri iondolewe au ibadilishwe, halafu ndipo mzungumze. Kama mwenzako anakubembeleza ukutane naye kwa siri na hataki kabisa mkasimame pamoja mbele ya yule aliyetoa amri, hapo umeshapata jibu ulilokuwa unalitafuta.

Na akiugua mtoto usiku? Hilo ndilo nililoulizwa zaidi. Mwanangu alipata malaria kali Machi 2022, akashikwa na degedege. Nilimkimbiza Ligula kwa bajaji, nikampigia mjomba. Mjomba akampigia baba yake, na asubuhi nikamweleza afisa ustawi. Baba alimwona mtoto wodini mchana, mjomba akiwa amekaa kitandani na mimi nikiwa nimetoka nje kwenye miti. Mtoto alipona. Hakuna kilichokosekana kwa sababu sikumpigia mimi.

Talaka ilitoka mwaka huohuo. Siku hizi mtoto anamwona baba yake Jumamosi mbili kwa mwezi. Nampeleka mpaka kwenye benchi la nje la ofisi ya ustawi, nakaa na kazi yangu ya kushona kwa mkono, napindia mikono ya madera, na wao wako ndani. Tunapishana kwa nusu saa: mimi nafika yeye ameshaingia, na anatoka kwa mlango mwingine.

Jumamosi iliyopita mtoto alitoka na mfuko wa nailoni wenye korosho zilizobanguliwa, za kuchoma, bado zina joto kidogo. Akanishikisha. "Baba amesema na wewe ule. Mpigie umwambie asante."

Nilikula mbili. Zilikuwa za shamba lile, nazijua kwa ukubwa wake. Miaka tisa nimeziokota. Nikamfungia mfuko vizuri, nikamwambia, "Utamwambia wewe Jumamosi ijayo, mwanangu." Akahesabu siku kwa vidole mpaka tukafika kituo cha bajaji.